Tuhesabu Tena

Afisa wa usafiri alipofunga jalada lake na kulitia kwenye mkoba wa pikipiki, nilijua tumekwisha. Kijiji chetu cha Kusumdeh hakikufika watu mia tano. Kisipofika mia tano, basi la abiria haliji. Litaendelea kugeuzia kule njia panda ya Barkheri, nasi tutaendelea kubebana kwenda hospitali kwa vitanda vya kamba.

Wifi yangu Phulmati alikuwa kando yangu, mkono kiunoni, mimba imeshamshukia. Uchungu wa mwanawe wa kwanza ulimkuta juu ya kitanda hicho, mabegani mwa wanaume, katikati ya mashamba ya dengu. Yule mtoto hatukuwahi kumpa jina. Na basi hilo, kama tungefika idadi, lingeanza mwezi ujao.

Ilikosekanaje? Nilijua. Kwetu mama hataji hesabu ya watoto wake mbele ya mgeni. Mwenye watano husema watatu. Mwenye mmoja husema Mungu hajamjalia, na huku kamfunika kwa ncha ya sari. Ukitaja wote, umewaitia jicho baya. Asubuhi ile mama mkwe aliijibia nyumba yetu: "Wawili tu, baba." Nyuma yake wanne wanamkimbiza nyati wetu wa maziwa.

Nikasimama mbele ya pikipiki. "Bwana, usiondoke. Hesabu tena."

"Dada, nimepita kila mlango. Mmenijibu wenyewe."

"Tulikudanganya."

"Haya! Sasa niamini uongo upi, wa asubuhi au huu?"

Wanaume wakacheka. Mama mkwe akanivuta sari. "We mke wa mwanangu, funga mdomo! Unataka jicho linimalizie wajukuu?"

"Mama, yule wa Phulmati nani alimhesabu? Hakuna. Jicho halikumwona hata mara moja. Njia ndiyo iliyomuua."

Kicheko kikakatika. Phulmati akainamisha uso.

Nikamwinua binti yangu juu, miguu yake minene ikining'inia. "Huyu ni Bhuri. Ni wangu, nimemzaa mimi. Mwandike." Kisha nikaketi naye vumbini, mbele ya gurudumu. "Ukitaka kwenda, pita juu yetu."

"Dada, usinitafutie balaa," afisa akasema.

Phulmati akaketi pembeni yangu, polepole, akijishika tumbo. Wengine wakafuata. Jirani yetu Gendiya, mwenye sauti ya kuamsha mizimu, akapaza: "Mimi ninao sita! Na wa saba ni mume wangu, chakula kikichelewa analia!"

"Gendiya!" mumewe akaita.

"Si huyo? Kaanza!"

Katikati ya vicheko nikamwona mama mkwe akigeuka kwenda nyumbani. Nikajisemea, leo nalala nje.

Akarudi na kikaango cha chapati, amekishika kifudifudi, mgongo wa chuma mweusi ti. Akasugua kidole gumba kwenye masizi, akampaka Bhuri doa kubwa shavuni, doa baya, ili jicho likimtazama lisione cha kuhusudu.

"Mmoja," akasema, midomo ikimcheza.

Akamvuta mjukuu mwingine, akampaka. "Wawili." Akamgeukia afisa. "Unangoja nini, baba? Andika. Usipoandika nitakupaka wewe."

Afisa akafungua jalada.

Tukazunguka kijiji kizima, mama mkwe mbele na kikaango chake, akina mama wakiwatoa watoto mafichoni, kwenye maghala, nyuma ya marundo ya samadi, chini ya vitanda. Kila mmoja doa lake, kila mmoja jina lake kwa sauti. Tulipokaribia nyumba za wafinyanzi, mwisho kabisa wa kijiji, afisa akafuta jasho na kufunika kalamu.

"Mia tano imepita, mama. Inatosha. Basi mtalipata."

"Haitoshi," mama mkwe akamjibu, naye tayari anabisha hodi kwa mfinyanzi wa kwanza. "Hawa nao wamezaa. Endelea."