Kibao cha Kushoto

Kibao cha kushoto cha flipa yetu kilikufa wiki ileile kidole cha kushoto cha yaya Frédéric, kaka yangu mkubwa, kilipoanza kukumbuka kazi.

Nianze na mashine yenyewe, maana wengi wa mtaa wetu wa Kilibula wanaijua kwa kelele tu. Flipa ni sanduku refu la miguu minne, lina kioo juu. Unavuta resori, ile springi ya kurushia, kwa mkono wa kuume, gololi ya chuma inarushwa hadi mwisho wa sanduku, kisha inashuka ikigonga taa na kengele. Chini kabisa kuna vibao viwili vidogo, kimoja huku, kimoja kule, vya kuipiga irudi juu isimezwe na shimo la katikati. Kila kibao kina kitufe chake ubavuni. Ukichelewa kubonyeza, gololi imekwenda.

Wazungu wa kampuni ya pamba ndio walioileta, ikawa kwenye klabu yao kule uwandani, na baba yetu alikuwa anaipangusa vumbi. Kuipangusa, ndiyo. Kugusa kitufe, hapana. Jioni moja alibonyeza mara moja tu, kitu cha kumaliza hamu, na kesho yake hakuwa na kazi. Hilo nalikumbuka ingawa sikuwa nimezaliwa. Kuna mambo mtu anayarithi kama vile anavyorithi pua. Baada ya Wazungu akaja mwananchi mwenzetu aliyepewa kampuni kwa karatasi iliyotoka Kinshasa. Huyo aliuza magari, akauza mizani, akauza mpaka madirisha, na flipa akaiacha kwenye stoo inayovuja kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Siku watu walipoingia kujichukulia mabati, yaya Frédéric alichukua flipa. Walimcheka kutoka uwandani hadi Uvira. Fundi cherehani na mchezo wa Wazungu, wapi na wapi? Mimi aliniambia neno moja: "Baba aliipangusa. Shiye tutaicheza."

Na tuliicheza, miaka, mpaka kiharusi kilipomkuta mezani akikata vitambaa vya kwaya. Upande wote wa kushoto ulizimika. Mguu ukarudi kidogokidogo, mkono haukurudi. Sasa kwa fundi cherehani mkono wa kushoto ndio unaoiongoza nguo chini ya sindano. Wa kuume ni wa kuzungusha gurudumu, hata mjinga anazungusha. Bila ule wa kushoto, yaya alikuwa mtu wa kukaa kwenye kiti na kuulizwa kama amekula.

Kine, yule wa mazoezi ya viungo, alimletea mpira wa kuminya. Yaya akamrudishia, akasema katika nchi hii yeye ndiye aliyezoea kuminywa. Badala yake alijikokota hadi kwenye flipa, akauchukua mkono uliokufa kwa ule mzima, akauweka juu ya kitufe kama mtu anayemlaza mtoto. Akacheza hivyo kila siku, mkono mmoja ukifanya kazi na mwingine ukiwa mgeni. Halafu asubuhi moja kibao cha kushoto kililia: tak. Claudette, mke wake, mama wa Noella, alinipigia simu analia hata nikadhani nikatafute jeneza. Kine alikuja, akatazama kile kidole kikibonyeza na kuchelewa, kikibonyeza na kuchelewa, akatuonya. Yaya asiache hata siku moja. Kidole kilichoamka kikilala tena, usingizi wake unakuwa mwingine.

Ndipo kibao kikaanza ukorofi. Kwanza kilikuwa kinapanda nusu. Baadaye kikawa kinapanda nusu na kubaki hukohuko, kisha kinashuka polepole kama karani wa ofisi anayerudi kazini baada ya chakula. Tena nyumba ikajaa harufu ya kukaanga. Kankindi, jirani wa nyuma ya ua, aliuliza ni nani hapa anayepika mikate ya mafuta na kujifungia nayo. Yaya akamjibu kwamba flipa imeoa, sasa inampikia mume wake. Tulicheka sana. Tulikuwa tunacheka na kitu kinaungua mbele yetu.

Siku kiliponyamaza kabisa nilikuja na turnavisi ya kufungulia skrubu na pensi ya kubania. Mimi si fundi. Umeme nilijifunza kama nilivyojifunza mengine yote, kwa vitabu visivyo na majalada na kwa kupigwa nao. Nilitoa kioo, nikainua ubao wa mchezo, nikauegemeza kwa mwiko wa bugali usinifunge kichwa. Chini yake ni msitu wa waya. Yaya alivuta kiti chake karibu. Claudette alikuwa uani anaanua ndagala.

Nilianzia kwenye kitufe, kwa sababu ugonjwa wa karibu ndio unaotibika. Midomo ya shaba inayogusana ukibonyeza ilikuwa na kutu, nikaisugua kwa karatasi ngumu. Hakuna. Nikafuata waya kwa taa ndogo ya kupimia. Umeme ulikuwa unafika mpaka kwenye bobini, ile kata ya waya inayovuta chuma ili kibao kipande. Basi nikakisukuma kibao kwa kidole kutoka chini. Cha kuume kilicheza kama kawaida. Cha kushoto kilikuwa kizito, kama mwiko ndani ya bugali unaoanza kuiva. Nikachomoa pini, nikavuta kile chuma kutoka ndani ya bobini. Hakikutaka. Nilikishika kwa pensi, nikakizungusha, kikatoka kimevaa utomvu wa kahawia, mzito, unavutika. Nikaunusa.

Mawese.

Niligeuka na hotuba tayari mdomoni. Nani amemwaga mafuta ya kula ndani ya mashine ya umeme? Claudette alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa ndagala, na uso wake ulinijibu kabla sijauliza.

"Shemeki, ni minye," akasema, yaani yeye mwenyewe.

Claudette ni wa milimani, juu ya Lemera. Kwao, kwa shangazi yake Domitille aliyemlea, mtu aliyezimika kiungo anakandwa kwa mawese ya moto kila asubuhi, na anayekanda lazima awe mtu wa nyumba. Yale yanayobaki kwenye kikombe hayamwagwi wala hayarudishwi chunguni. Wanayapaka kwenye chombo anachofanyia kazi mgonjwa, mpini wa jembe, jiwe la kusagia, ili kiungo na kazi vijuane tena. Sasa kazi ya mkono wa yaya ilikuwa ipi siku hizo? Cherehani ilikuwa imefunikwa. Yaya mwenyewe alikuwa amemfundisha zamani kuinua ubao gololi ikikwama. Akauinua, akaona kile chuma kinachoingia na kutoka, akaona huo ndio msuli, akawa anaupaka kwa unyoya wa kuku.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungecheka. Weye unachekaga mambo ya kwetu."

Yaya akakohoa pale kwenye kiti.

"Mwache mama Noella. Minye nilikuwa namuona kila asubuhi. Nilinyamaza kwa sababu ilinipendeza."

Maisha yangu yote nimekuwa na mtu wa kumnyooshea kidole. Pale bandarini Kalundu, wapagazi walipokuwa wanabebeshwa saruji kwa gunia zito kuliko lilivyoandikwa, nilijua ni nani, nilijua ofisi yake, nilisimama juu ya pipa nikamtaja. Yule aliyemfukuza baba ninalijua jina lake mpaka leo. Yule aliyeuza madirisha, namjua na watoto wake wanakosoma. Nilisimama pale na chuma kinanata mkononi, natafuta, na mbele yangu kulikuwa na mwanamke mwenye ungo, na mume wake aliyependezwa. Nikakaa chini.

Nilikisafisha kile chuma kwa esansi ya gari mpaka kikang'aa, nikasafisha na bomba lake. Kikawa kinateleza kwa pumzi tu. Nikarudisha kila kitu, nikabonyeza. Kimya. Ndipo nilipoichana karatasi inayoifunika bobini, nikakuta ndani ni makaa.

Nilielewa nimechelewa, kama kawaida. Bobini ya kibao ina waya mbili ndani ya mwili mmoja: moja ya nguvu, ya kurusha, na moja nyembamba, ya kushikilia. Kibao kikifika juu kabisa kinasukuma kijimdomo cha shaba, ile ya nguvu inakatwa, inabaki ya kushikilia. Lakini mawese yaliyopata moto yanageuka gundi. Kibao kikawa kinakomea nusu, kijimdomo hakiguswi, umeme wote unaendelea kuingia huku yaya akishikilia kitufe kwa kidole kisichojua bado kuachia. Kila alipofanya zoezi alikuwa anaichoma. Harufu ile ya mikate ilikuwa hiyo. Sikuwaambia hivyo. Niliwaambia bobini ni ya zamani.

Nikaipeleka kwa Pontien, anayesuka upya dinamo za maboti pale bandarini. Aliifumua, akaitandaza mezani, akapiga mluzi.

"Sendika," akasema, maana hilo ndilo jina wananiita huko tangu nilipokuwa mtu wa chama cha wafanyakazi, "hii ya kushikilia iko kama nywele ya mutoto. Minye niko na waya ya kufungia ng'ombe."

Alijaribu hata hivyo, kwa waya aliyoitoa kwenye feni iliyokufa. Tulipoifunga, bobini ilinguruma na kibao kikatetemeka mahali pake, kinataka, hakiwezi. Yaya akasema nizime.

Zamani mtu angevuka asubuhi kwenda Bujumbura, akazunguka kwa Wahindi na mafundi wa zamani, akarudi mchana na kitu au na jibu. Mpaka ulikuwa umefungwa tena. Wanaoufunga wana sababu zao na wana hotuba zao, nimezisikia zote, na hakuna hata moja iliyowahi kuuliza ni kidole cha nani kinasubiri upande huu.

Siku zikaenda. Yaya alikuwa anauweka mkono kwenye kitufe kama alivyoagizwa, lakini kitu hakimjibu. Anabonyeza, hakuna tak. Baadaye hakubonyeza, aliuweka tu. Kine alikuja, akamshika kile kidole, akakikunja, akakiachia kikaanguka, akaandika kitu bila kutuambia.

Nikamwambia yaya: naweza kuunganisha kitufe cha kushoto na kibao cha kuume. Kidole kibonyeze huku, kibao kiruke kule, sauti ataisikia.

"Hapana," akasema. "Gololi inashuka huku, kibao kinaruka kule? Mukono si mupumbavu. Hamisha bobini yenyewe."

Nikamkumbusha kwamba basi upande wa kuume utakufa. Mkono mzima, ule uliokuwa unampa raha bado, hautakuwa na la kufanya ila kuvuta resori. Kila gololi itakayoshuka kuume itakwenda, na zitakwenda nyingi.

"Ziende."

Claudette alishika tochi nami nikahamisha. Kazi haikuwa ngumu. Nilipobonyeza mwenyewe, kibao cha kushoto kiliruka hadi juu, kikashuka mara moja, safi kuliko nilivyowahi kukiona. Nikashusha ubao, nikarudisha kioo. Yaya akasimama. Claudette akamwekea mkono kwenye kitufe, akakipanga kidole juu yake, akarudi nyuma.

Alivuta resori kwa mkono wa kuume. Gololi ikapanda, ikagonga kengele, ikashuka kuume, ikapita kando ya kibao kilichokufa. Akavuta tena. Kuume tena, kidole gumba cha mkono mzima kikabonyeza kwa mazoea, bila faida. Nyingine ikaanguka katikati. Yaya alikuwa anatoa jasho usoni. Kisha moja ikashika njia ya kushoto, ikaja taratibu kabisa juu ya reli, kila mmoja wetu akaiona inakuja. Ilikuwa imempa muda wote. Nilinyoosha mkono niweke kidole changu juu ya chake.

"Toa," akasema.

Nikatoa. Gololi ikafika kwenye kibao, ikatambaa juu yake mpaka nchani, ikaingia shimoni. Kibao hakikulia.

"Imesogea," akasema Claudette. "Kidole, nimeona imesogea."

Yaya hakumtazama. Alinigeukia mimi, polepole, kwa sababu ya mguu.

"Sendika. Imesogea?"

Niliwahi kuwaambia wapagazi mbele ya askari kwamba tumeshindwa, rudini nyumbani, na hakuna aliyenishukuru. Nilikuwa nimekitazama kile kidole tangu mwanzo, sikupepesa jicho, wala sikuona kitu kikisogea.

"Imesogea," nikasema. "Kidogo."

Halafu akageuka, akashika resori, akavuta.