Murhula Akataa Skana

Eugénie alitamani mumewe angepasuliwa. Angekuwa na kovu refu mgongoni, na watu wangefunga midomo.

Mumewe, Murhula, fundi wa injini za mitumbwi kule Nkanka kando ya ziwa, alikutwa na kansa ya pafu ikiwa bado changa, kivimbe cha ukubwa wa harage. Kumpasua kulishindikana. Mapafu yake yalikuwa yamechoshwa na sigara, na madaktari waliogopa hangeamka. Ndipo akapelekwa hospitali ya mbali, wakamwingiza sindano ndefu kifuani huku wakiifuatilia kwenye skana, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, kisha wakapitisha joto kali kwenye ncha yake mpaka kivimbe kikaungua. Akarudi nyumbani na plasta ndogo ubavuni.

Plasta ilipobanduka, maneno yakaanza.

"Weye haukukuwa na kansa," Buhendwa, mdogo wake Murhula, alimwambia kaka yake. "Muntu wa kansa banamupasua. Weye banakudunga sindano moja, unarudia kwako?"

Murhula aliyapenda maneno hayo. Jumapili akasimama kanisani akashuhudia kwamba amepona kabisa, watu wakapiga makofi. Wiki hiyohiyo Eugénie alisikia harufu ya sigara kwenye shati lake.

Siku ya skana ya kuhakikisha kama kivimbe kimekwisha ilipokaribia, Eugénie alimkumbusha asubuhi, akamkumbusha jioni. Murhula akachukua spana zake akaondoka. Basi akaacha biashara yake ya vitenge mpakani, akamfuata kazini ufukweni.

"Papa Gracia," alimwita kwa jina la mtoto wao, "kesho tunaenda skana."

"Kutafuta nini? Mungu ashamaliza."

"Kama amemaliza, si itaonekana? Munganga wa hospitali alisema inaweza kubakia kidogo, na ikibakia, itaota tena."

Murhula akavuta kamba, injini ikanguruma. Eugénie aliendelea kusema, hata mwenyewe hakujisikia. Mumewe akazidisha mafuta, macho yake ziwani. Hapo Eugénie akainama, akachomoa mpira wa petroli. Injini ikakohoa, ikazimika, na wavuvi wakageuka kutazama.

"Unanifanyia haya mbele ya batu!"

"Nitafanya na kesho."

Murhula alifuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena ilipokwisha kuwa safi.

"Bakikuta iko," alisema kwa sauti ya chini, "nitafanya nini? Kupasuliwa siwezi."

"Banaweza kuchoma tena, Papa Gracia. Ulikuwa unasikia wakati banasema?"

"Nilikuwa naogopa. Sikusikia kitu."

Kesho yake walikwenda. Daktari aliwaonyesha doa jeupe kwenye picha, kubwa kuliko kile kivimbe cha mwanzo. Eugénie alishika ukingo wa meza. Daktari akaeleza kwamba hiyo ni sehemu iliyoungua, ndivyo huwa mwanzoni, na inatarajiwa kusinyaa polepole. Hakuona dalili mbaya, lakini ilikuwa mapema mno kusema kansa imeisha. Warudi baada ya miezi kadhaa.

"Ni ndiyo ao hapana?" Eugénie aliuliza.

"Bado, maman."

Amehangaika kote huko, amegombana, ameaibika mbele ya wavuvi, kwa ajili ya "bado".

Buhendwa aliwakuta wakiingia nyumbani.

"Banasema nini?"

"Niko muzima," Murhula akajibu.

"Habakusema vile!" Eugénie akasema.

"Mi nilisikia vile."

Eugénie aliwatazama wote wawili wakivuta viti waketi. Baada ya miezi kadhaa ingembidi achomoe tena ule mpira wa petroli. Akaingia chumbani akafunga mlango.