Nafasi ya Kupumzika

Maswali ya kupima msongo wa kazini yaliandikwa ughaibuni na mtu ambaye, Mungu amsamehe, hajawahi kukamua hata leso. Mfasiri alihangaika nayo hadi yakakaa vizuri kwa Kiswahili, kisha akaenda kuyajaribu kwa wafuaji wa hospitali, kwenye chumba cha mvuke na mashuka yenye damu.

"Mama, hapa kazini mtu hupata nafasi ya kupumzika?"

Mfuaji mkongwe hakuinua macho. "Alipata mmoja. Wifi yangu."

Mfasiri akafurahi. Angalau mmoja! "Alipumzikia wapi?"

"Hapo ulipoegemea, mwanangu. Kwenye mashine ya pasi. Tulimzika Jumatano, Alhamisi tukaambiwa tugawane zamu yake."

Mfasiri akaruka kama aliyeungua. Mjinga wa kutupwa! Neno la lugha ya mama yake mwenyewe, na bado limempiga chenga. Akashika kalamu alikate, huku akiomba radhi.

"Usilifute," mama akamwambia, akivuta shuka jingine. "Umetafsiri sawasawa. Hapa hatuna kupumzika kwingine."