Shahidi kutoka Issuna

Stumai alikuwa akipepeta uwele uani, Singida mjini, shemeji yake Tamimu alipofika kutoka Dodoma na kusema wakili amepatikana. Tamimu alikuwa bado na vumbi la safari kwenye nyusi. Stumai alimwekea kigoda, akampa maji, akaendelea kupepeta, maana upepo wa jioni ulikuwa mzuri.

Ilikuwa mwaka 1954. Mumewe, Idrissa, dereva wa lori la tajiri mmoja wa mjini, alikuwa ameshtakiwa kwamba alimgonga mtu kwenye barabara ya Issuna, akamuua na kukimbia. Aliyekufa aliitwa Mughwai, mkulima wa huko huko. Polisi walikuta bampa ya lori imepinda, na watu wengi walimwona Idrissa akipita jioni ile. Tajiri alimdhamini, lakini siku ya kesi ilikuwa inakaribia.

"Huyu wakili ni Mhindi, ana sifa," Tamimu alisema. "Ila itabidi tuuze nyumba."

"Hii aliyotuachia baba?" Idrissa akauliza kutoka mlangoni.

"Tuna nyingine?"

Jambo ambalo Idrissa hakuwa amemwambia mtu isipokuwa mkewe ni kwamba yeye mwenyewe hakujua kama alimgonga yule mtu au hakumgonga. Jioni ile alikuwa na usingizi. Kwenye mteremko wa Issuna alisikia kishindo, lori likarushwa kidogo, naye hakusimama. Alijiambia ni jiwe. Tangu hapo chakula kilikuwa hakimpiti kooni.

"Wakili anasemaje?" Stumai akauliza.

"Anasema Idrissa akubali kuwa aligonga. Halafu tueleze kwamba marehemu alikuwa amelewa, akajitupa barabarani. Hapo hakimu atapunguza kifungo."

"Hodi," ilisema sauti nje ya ua.

"Karibu."

Akaingia mzee aliyejifunga shuka jeupe, udongo umemjaa kwenye nywele na masikioni, mguu mmoja akiuburuta. Idrissa alikuwa amemwona mara moja tu, hospitalini, polisi walipompeleka akamtazame maiti. Akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hapa ndipo kwa dereva?"

"Ndipo."

"Mimi Mughwai. Nimetoka Issuna kwa miguu."

Stumai alimletea maji ya kunawa. Udongo ulitiririka hadi katikati ya ua, na mzee akaomba radhi kwa kuchafua mahali palipofagiliwa. Walipomkaribisha chakula alisema siku hizi hali kitu, lakini kama hawajali angependa kunusa. Stumai akamwekea ugali na bakuli la mlenda. Mzee aliinamia ule mvuke kitambo kirefu, macho ameyafumba.

"Umeupika vizuri, mwanangu," alisema. Kisha akamgeukia Tamimu. "Hilo la ulevi nimelisikia nikiwa pale nje. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa natoka kuazima jembe."

"Samahani, mzee," Tamimu alisema. "Ni maneno ya wakili."

"Hanijui."

Mzee alieleza kuwa wanawake wanaolima karibu na kaburi lake walikuwa wakizungumza juu ya kijana atakayefungwa kwa ajili yake, naye akaona si vizuri kuendelea kulala.

"Mzee," Idrissa alisema. "Nilikugonga?"

"Hapana. Lilikuwa gari dogo la kijivu, la yule Mzungu anayekagua barabara. Alishuka, akanimulika tochi, akasema neno kwa lugha yake, akapanda gari akaenda. Wewe ulikuja baadaye. Mimi nilikuwa kando, kwenye nyasi. Ulikanyaga jembe, likaruka likagonga bampa yako."

Idrissa alijifunika uso kwa viganja akalia. Stumai aliacha ungo akaja kumshika. Walipotulia, Idrissa aliuliza tena:

"Nilipopita, ulikuwa hai?"

"Nilikuwa bado. Niliita. Lile lori lako lina kelele sana."

Aliyasema bila hasira, kama mtu anayeeleza kwamba kwao mvua zilichelewa. Idrissa akaitikia kwa kichwa. Neno lile lilimchoma, na alijua litakaa. Lakini alivuta bakuli, akala mpaka likaisha.

Tamimu hakuridhika. Alisema sasa ndipo wakili anahitajika hasa, kwa sababu kumwingiza marehemu mahakamani si kazi ya mtu asiyejua sheria. Hakimu akikataa kumsikiliza, wataponea wapi?

"Huyo wakili wenu," Mughwai akauliza, "akija, nitasema niliyoyaona au atanipa mengine?"

Tamimu alikuna kidevu. Alikuwa mtu mkweli alipoulizwa waziwazi. "Atakupa mengine," alisema.

"Basi nyumba haiuzwi," Idrissa alisema. "Nikifungwa, nifungwe kwa maneno yangu. Na huyu mzee sitamwita mlevi mbele yake."

Mughwai alikaa nao mpaka siku ya kesi. Alilala stoo, kwenye mkeka, karibu na magunia. Hakuwa mgeni wa kusumbua, isipokuwa kuku walizoea kumchakura wakitafuta wadudu, na Stumai akawa anawafukuza.

Siku ya kesi mjane wake, Dorkas, alifika kutoka Issuna. Alimkuta mumewe ameketi kwenye benchi la mashahidi, akamtazama.

"Umekonda," alisema.

"Kidogo."

Dorkas akaketi pembeni yake na kumrekebisha shuka begani.

Karani alimwandika jina, kabila na kazi. Mughwai alisema ni mkulima. Karani akauliza kama bado analima. Mughwai akajibu kwamba shamba lipo. Inspekta wa polisi alisimama na kupinga, akisema shahidi ni marehemu katika kesi hiyo hiyo. Hakimu, Mzungu mwenye miwani, alifunua vitabu vyake kimoja baada ya kingine huku watu wakijipepea, na hakupata mahali panapomzuia marehemu kutoa ushahidi. Kilichotakiwa ni shahidi kuelewa maana ya kiapo. Mughwai alisema anaielewa kuliko zamani. Akaapishwa.

"Mtu aliyekugonga yumo humu ndani?" hakimu aliuliza kupitia mkalimani.

"Hayumo, bwana."

"Unajua alipo?"

"Nimemwona asubuhi hii. Gari lake lile pale nje, kivulini."

Watu wote waligeuka kutazama dirishani. Gari la kijivu lilikuwapo. Mwenyewe alikuwa ameliegemea akivuta kiko, akimsubiri hakimu waende kula pamoja. Hakimu naye alitazama. Akaiweka kalamu chini, akaiokota tena.

"Andika," alimwambia karani, "kwamba shahidi amesema hayumo."

Idrissa akaachiliwa. Nje, Stumai alipiga vigelegele mpaka wauza karanga wakamwitikia, na Tamimu, ambaye hakuwa na mazoea hayo, alimkumbatia mdogo wake mbele za watu. Idrissa alihisi miguu myepesi kama mtu aliyetua gunia la chumvi.

Mughwai alimfuata mkalimani, akamuuliza shauri lake yeye litasikilizwa lini. Mkalimani aliingia ndani akarudi. Alisema halijafunguliwa. Dorkas akaenda polisi kulifungua. Huko alijibiwa kwa upole kwamba mumewe ameingia mahakamani kwa miguu yake na kusema kwa kinywa chake, kwa hiyo sasa ni vigumu kuandika kuwa kuna mtu aliyeuawa. Dorkas alisimama pale kaunta mpaka walipofunga ofisi, kisha akatoka.

Idrissa aliwarudisha Issuna kwa lori. Njiani Dorkas alilia kidogo, Mughwai akamwambia kwamba mtama usiachwe ndege wakaumaliza.

Baada ya mavuno yule Mzungu wa barabara alipandishwa cheo akahamishiwa Dar es Salaam. Lori la tajiri lilikodiwa kubeba mizigo yake hadi stesheni ya Manyoni, na Idrissa ndiye aliyetumwa. Alipofika Issuna alimwona Mughwai kando ya barabara, akasimama. Mzee akapanda nyuma, akaketi katikati ya masanduku.

Stesheni walishusha mizigo pamoja. Mzungu alikuwa akielekeza kwa kiko chake. Mughwai alipopita mbele yake na sanduku la vyombo, akiburuta mguu, Mzungu alimtazama kidogo.

"Weka hapo. Taratibu."

"Haya, bwana."

"Asante sana, mzee."

Treni ikapiga honi ikaondoka. Mughwai alibaki amesimama jukwaani mpaka moshi ukaisha juu ya vichaka. Idrissa alimngoja, hakumharakisha. Kisha akamfungulia mlango wa mbele.

"Umesikitika, mzee?" aliuliza walipokwisha kuuacha mji.

Mughwai alifikiri. Upepo wa dirishani ulikuwa ukimpeperushia udongo kutoka kwenye nywele.

"Nilipokuwa hai sikupata kuiona treni," alisema. "Kumbe ni ndefu hivi."