Presha za Alhamisi

Faraja aliyabwaga madodoso arobaini mezani kwa Mwalimu Veronika kama anamwaga taka. Hata shikamoo aliitoa kwa shingo upande.

"Sahihi tu, Madam. Mwisho saa kumi leo. Nikikosa, mwaka wangu umekwenda na maji."

Veronika aliyapekua moja moja. Miaka kumi na tisa alikuwa nesi wa zahanati kule juu Mgeta, kabla hajashuka Morogoro mjini kufundisha chuo na kuwalea hawa vijana wanaojiita watafiti. Leo alikuwa na hasira, hasira hasa, maana huyu Faraja ndiye aliyemtegemea kuliko wote.

"Hawa wajawazito arobaini uliwapima presha lini?"

"Si imeandikwa? Alhamisi. Nyumba kwa nyumba."

"Alhamisi!" Veronika akacheka, cheko baya. "Mgeta Alhamisi ni gulio, binti. Tangu alfajiri wanawake wote wako njiani na matenga ya karoti na kabichi, mwenye mimba na asiye nayo. Sisi hatukuwahi kuweka kliniki Alhamisi, ungekaa na nzi. Wewe umewakuta arobaini, wametulia nyumbani wanakusubiri? Tena karibu wote mia na ishirini kwa themanini, presha ya mtu mzima kabisa! Ulijazia wapi? Kibanda cha chipsi?"

"Mvua ilinyesha, bodaboda akagoma kupanda. Nilipima kumi na mmoja, wengine nikakadiria. Kwani kuna aliyekufa?"

"Toka na makaratasi yako!"

Faraja hakutoka. Alivuta kiti, akakaa bila kukaribishwa, akamkazia macho mwalimu wake.

"Bibi yangu ni wa hukohuko juu. Ana kadi ya kliniki ya mama yangu mdogo, Cecilia. Mia na ishirini kwa themanini, miezi mitatu mfululizo, mwandiko wako. Akafa kwa kifafa cha mimba, mtoto tumboni. Bibi anasema kipimo chenu kilikuwa kibovu muda wote huo. Mzee wa watu anaongopa?"

Loo! Kukana kulikuwa rahisi, nani wa mjini angejua? Alimchukia yule binti, akamchukia kwelikweli, kisha aibu ikamzidi chuki.

"Haongopi. Foleni ilikuwa ndefu, nikaandika tu bila kupima. Cecilia aliniambia kichwa kinamgonga. Nikampa vidonge vya maumivu, nikamwambia arudi mwezi ujao. Baada ya maziko sikuweza tena kumshika mgonjwa. Ndiyo maana niko hapa."

"Basi tia sahihi, tuwe sare. Ama sivyo hiyo kadi naipeleka kwa mkuu wa chuo."

"Ipeleke. Mpelekee na bibi akaeleze mwenyewe. Sahihi yangu huipati."

"Unaniua, Madam! Kwa karatasi tu!"

Veronika akayachukua madodoso, akayasukuma hadi yakamgusa Faraja kifuani.

"Wako ishirini na tisa humu hukuwapima, na wote umewaandikia kuwa wazima. Niambie, Faraja. Kati yao, nani kichwa kinamgonga?"

Faraja alifunua dodoso la kwanza, la pili, la tatu, kote mia na ishirini kwa themanini, kisha akaacha kufunua.