Presha ya Kimaiyo

Siku Cherono alipomwita binti yao Jepleting kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani, mumewe Kimaiyo alimpeleka kwa daktari mjini Njoro. Daktari alisema hawezi kuahidi kwamba usahaulifu ule utaisha, ila kutembea kila siku, kula mboga na maharagwe, na kupunguza mafuta na sukari kungesaidia kuilinda akili yake.

“Mimi si mgonjwa,” Cherono alisema walipofika nyumbani Mau Narok, na hakutaka kusikia lingine.

Basi Kimaiyo akadanganya. Alimwambia kwamba ni yeye Kimaiyo mwenye presha, ameagizwa atembee, na anaogopa kuanguka njiani akiwa peke yake. Cherono alivaa sweta wakatoka. Tangu hapo walitembea kila asubuhi kando ya mashamba ya ngano, na jioni Cherono alipika mboga za managu na maharagwe, akimgombeza mumewe kila alipoiendea sukari. Bado alisahau mambo, lakini alilala vizuri na alianza tena kucheka.

Asubuhi moja, wakipanda mlima, Cherono alisimama.

“Baba Jepleting, mwenye kuumwa ni mimi, sivyo?”

Kimaiyo naye alisimama. “Ulijua lini?”

“Siku ya kwanza. Unapanda mlima huu ukipiga mluzi. Presha gani hiyo?”

“Mbona ulikuja?”

“Niliogopa kubaki peke yangu na haya mawazo.”

Macho ya Kimaiyo yalilengwa na machozi. Alimshika mkono, wakaendelea kupanda polepole.