Simba Waliolala wa Mwalimu Pendse

Madhukar Sabnis alikuwa na ulimi mkali kama pilipili, na wapenzi wa sarafu mjini Pune walimpendea huohuo. Minada yao hufanyika kwenye simu. Ikbal, msimamizi wa kundi, huweka picha bila jina la muuzaji, watu wasije wakanunua kwa kujuana. Sarafu yenye kosa la kiwandani huuzwa ghali, na Madhukar ndiye mwamuzi: imekosewa kweli huko, au kuna mjanja aliyeiharibu nyumbani kwake?

Jumapili moja ikaja rupia yenye simba pande zote mbili. Huku wamechomoza, huku wamezama na kutazama kinyume. Bei ikaanza kupanda. Madhukar akasukuma kando sahani ya poha, chakula chake cha asubuhi, akarekodi sauti.

"Hebu tulieni, mabwana! Hii ni kazi ya jiliwa la fundi. Mtu kabana sarafu mbili pamoja, moja ikamwachia mwenziwe alama. Angalieni hao simba waliochomoza: wamelala kama chapati, jiliwa limewakandamiza. Kiwandani hawatoki hivyo. Aliyeitunza hii ni mpumbavu, na anayeiuza ni mwizi!"

Vicheko vikamiminika. Mmoja akataka mwizi atajwe na atimuliwe. Madhukar akaona raha, tusifichane.

Mara Ikbal akapiga simu. "Kaka Madhu, umetuponza. Muuzaji ni Sharayu, binti wa marehemu Mwalimu Pendse. Watu wamenikaba koo nimtaje."

Pendse ndiye aliyemfundisha kila alichokijua. Na sasa sarafu yenyewe akaikumbuka! Aliinunua mwenyewe ujanani, akampelekea mwalimu sikukuu ya kuwaheshimu walimu, akamgusa miguu na kumwekea kiganjani, akiamini amempa hazina.

Akaenda mbio nyumbani kwa marehemu. Sharayu alimfungulia mlango, kiti hakumpa.

"Dada, nisamehe."

"Nikusamehe lipi, kaka? La baba kuwa mpumbavu au la mimi kuwa mwizi? Hiyo sarafu ilikaa katikati ya zile alizozipenda. Ningejuaje?"

"Hakujua huyu," ilisema sauti kutoka kitandani. Alikuwa mjane wa mwalimu, mama mzee. "Mimi ndiye niliyejua, na sikuulizwa. Marehemu aliitambua palepale ulipoondoka, Madhu. Nikamwambia, basi mwambie kijana. Akanijia juu: 'Mtu kaniinamia miguuni, nami nimwaibishe? Nitamfundisha kutazama pande zote mbili. Ipo siku ataona mwenyewe.'"

Madhukar aliyakumbuka masomo hayo. Yalianza baada ya sikukuu ileile, kwa sarafu za watu wengine, na ile yake haikuguswa hata mara moja. Miaka yote alidhani mwalimu anaionea fahari. Kumbe alikuwa anamsitiri, na ujuzi uleule aliofundishwa kwa huruma ndio alioutumia kumvua nguo mzee wa watu mbele ya kundi zima. Aliona aibu hata ya kulia mle ndani.

"Umefunzwa kuona, mwanangu," alisema mama. "Ya kusema hukungoja ufunzwe."

Nje mlangoni alifungua simu. Bado walikuwa wakibweka: jina, jina! Akaandika: "Sarafu ile niliinunua mimi, nikampa Mwalimu Pendse. Mpumbavu ni mimi."

Vicheko vikafumuka. "Kaka, acha masihara," mmoja akajibu, "tutajie mwizi."

Ikabidi aandike tena.